Kudai Cherehani

Mtaani walimwita Mama Pindo, maana hakuna suruali iliyomshinda kupinda. Miaka yote kudarizi ndiko kulikomlisha, lakini macho yalikuwa yameanza kumsaliti. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe aliupapasa tu. Akaona bora abadilishe cherehani yake ya kudarizi apate ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za nguo, isiyodai macho makali.

Mtandaoni akampata fundi wa mji mwingine mwenye ovaloki, anayetaka ya kudarizi. Wakaelewana kwa ujumbe kila mtu apakie yake kwenye basi. Ya Mama Pindo ikaenda; ya mwenzake haikuja. Mwanzoni alijibiwa "kesho, dada", mwishowe simu ikawa haiingii kabisa.

Kituoni, polisi alimsikiliza akipiga miayo.

"Mama, ulimpa mwenyewe. Hayo ni madai, nenda mahakamani. Labda iwe alikusudia kukutapeli tangu mwanzo, hapo ni jinai."

"Nitajuaje alichokusudia?"

Polisi akamwonyesha njia ya mahakamani.

Karani wa mahakama, mwanamke mwenye mafua, alimhurumia kidogo.

"Ujumbe wenu usifute hata mmoja. Risiti ya basi unayo? Vizuri. Kwanza mwandikie: alete ovaloki au arudishe yako, mpe wiki mbili. Akinyamaza, fungua dai dogo. Wakili huhitaji."

"Nikishinda ataleta?"

"Ukishinda utapata amri. Asipoitii, unarudi hapa kuomba itekelezwe."

Mama Pindo akashusha pumzi, akaandika. Kimya. Akafungua dai. Likaahirishwa, likaahirishwa tena, na kila mara wateja walikuta mlango wake umefungwa.

Hatimaye mdaiwa akatokea. Kumbe ni mzee aliyekonda, koti limempwaya.

"Dada yangu, ile ovaloki ilikuwa ya marehemu mke wangu. Siku ya kuipakia, wanangu wakaishikilia. Nikaona haya kukwambia."

Mama Pindo alikuwa amekuja na maneno yake makali. Yakamkauka mdomoni.

"Aibu yako, mzee wangu, imenitembeza mimi."

Hakimu akaamuru cherehani irudishwe, na nauli ya mzigo iwe juu ya mzee.

Jioni mumewe akamuuliza, "Umeshinda?"

"Nimeshinda. Nimeshinda kwenye benchi tangu asubuhi."

Wiki iliyofuata cherehani ikashushwa mlangoni, ileile ya kudarizi iliyoyashinda macho yake, haina hata mkwaruzo. Mama Pindo akamwonyesha mpagazi pembe ya kuiweka, akaketi kando yake, viatu vingali miguuni, asiwe na haraka hata ya kuifungua kamba.