Shikamoo ya Maporomokoni

Mdogo wangu wa mwisho alipochaguliwa kwenda sekondari, alipangiwa Iringa. Mimi sikuwa nimewahi kuvuka Chalinze. Shule niliiacha darasa la tano, mwaka tulipomzika mama. Baba alikuwa ametangulia. Siku ile tuliporudi makaburini, bibi mmoja jirani aliwapanga wadogo zangu mlangoni akawaambia, "Kuanzia leo huyu ndiye mtakayemwamkia kila asubuhi." Basi wakawa wananiamkia kama mtu mzima. Shikamoo dada, marahaba, na mimi bado msichana wa kuruka kamba. Yule wa mwisho alikuwa mgongoni kwangu kwenye mbeleko. Alijua shikamoo kabla miguu yake haijakaza.

Tulikaa karibu na Mlandizi, tukilima mpunga bondeni mwa mto Ruvu, na siku za zamu tukilima shamba la kijiji. Kwa safari ile ya kumsindikiza hadi Morogoro niliwaacha wadogo wengine wawili na mama mdogo, aliyekuja kutoka Maneromango. Tulirudi nyuma hadi kituo cha Kwa Mathias kupanda basi, maana mabasi yakifika Mlandizi yalikuwa yamekwisha kujaa. Yeye alibeba shanta la kijeshi alilopewa na jirani. Ndani mlikuwa na blanketi, sare, na kipande cha sabuni nilichokipangia foleni.

Basi likafika Chalinze. Kisha akasema, "Dada, nikufikishe Morogoro tu, halafu turudi wote."

"Unifikishe? Si wewe ndiye unayesindikizwa?"

"Basi nimesindikizwa vya kutosha."

Nilicheka, lakini nilijua hatanii. Alitaka kurudi ashike jembe ili nisilime peke yangu, na nafasi ile ya shule isingemngoja. Nimlazimishe vipi? Alikwisha kunipita kimo.

Morogoro tulikuta basi la Iringa halina mafuta. Miaka ile mafuta yalikuwa ya shida. Tukalala kwa mama mmoja mzaliwa wa kwetu aliyeolewa pale. Ulikuwa mji mkubwa kuliko wote niliowahi kulala. Hata ving'ora vya viwandani vilinishtua. Asubuhi kondakta akatuambia basi litaondoka mchana, Mungu akipenda. Mwenyeji wetu akatuangalia tulivyokaa kibarazani, akasema, "Msikae hapo kama mizigo. Pandeni mlimani mkaone maporomoko."

Tukapanda. Mdogo wangu hakukubali kuliacha shanta. Njia ilipita katikati ya migomba na matuta ya mboga, ikawa inasimama kama ukuta. Mbele kidogo nikasikia mvua. Nikamwambia tutafute pa kujikinga. Akatazama juu, mbingu nyeupe, akacheka mpaka akakaa chini. "Dada, ndiyo yenyewe hiyo!"

Maji yalikuwa yakianguka kutoka juu ya mwamba, meupe, hayana mwenyewe. Jambo la kwanza nililowaza ni ndoo. Maji yote yale, na hakuna aliyekinga.

Akapita mama akishuka na ndizi kichwani. Tukamwamkia, akatuuliza kwetu wapi. Nilipomwambia Mlandizi, akasimama.

"Kumbe mnakunywa maji yetu! Haya yanashuka Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu. Sisi tunanawia miguu huku, ninyi mnapikia wali kule."

"Ndiyo maana wali wetu una ladha," nikamjibu. Akacheka, akatuachia ndizi mbili, akaendelea kushuka.

Mdogo wangu hakucheka. Aliyatazama maji yanavyokimbia kati ya mawe.

"Kwa hiyo yanapita pale unapochota?"

"Amesema hivyo."

Akalitua shanta. Akachuchumaa ukingoni, akainama mpaka pua ikakaribia maji, akasema kwa sauti, "Shikamoo dada!"

"Unamwamkia nani? Mimi niko nyuma yako."

"Hiyo ya kwako ya kule nyumbani," akasema bila kugeuka. "Kesho kutwa asubuhi utaamka mimi sipo."

Hapo ndipo nilipojua kwamba atapanda basi. Nilijifanya nakaza kamba za shanta, ambazo zilikuwa zimekazwa vizuri kabisa.

Mchana ule mafuta yalipatikana. Alikaa dirishani, shanta magotini, akaimenya ndizi yake na kunipa nusu kupitia dirishani, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na safari ndefu. Nikaila nimesimama pale pale mpaka basi likapotea.

Asubuhi ya kwanza nyumbani wadogo wale wawili waliniamkia, nikaitikia, nikachukua ndoo nikashuka mtoni. Ruvu ni mto wa tope; maji yake hayafanani hata kidogo na yale niliyoyaona. Nilichutama pale ninapochota siku zote. Sikujua maji hutumia siku ngapi kutoka kule mlimani, wala sikuwa na mtu wa kumuuliza asinicheke. Kwa hiyo niliitikia asubuhi ile, na asubuhi iliyofuata, na nyingine nyingi baadaye, marahaba, kwa sauti ndogo, isije shikamoo yake ikapita bila kuitikiwa.