Hamadi, Mwende na Mashine Mpya ya Bi Saumu

Chumba cha gemu cha Bi Saumu kilikuwa na harufu yake: vumbi lililopashwa moto ndani ya mashine, jasho la watoto, na mafuta ya mahamri yaliyokuwa yakikaangwa kibanda cha pili. Kilikuwa Ukunda, nyuma ya maduka yanayotazama barabara ya kwenda Diani, paa lake la mabati na mlango wake pazia la leso kuukuu. Ndani mlikuwa na televisheni nzito zenye matumbo nyuma, na mashine za gemu zilizochakaa mpaka vifuniko vyake vikafungwa kwa mipira ya baiskeli. Bi Saumu alikuwa amefua mashuka ya hoteli kwa miaka mingi kabla ya kufungua biashara hiyo. Alikuwa mama wa sauti ya chini, asiyevumilia matusi. Ukimtukana mwenzako unatoka nje, hata kama unaongoza kwa mabao. Kwa hiyo watoto wa pale tulijifunza kubishana kwa adabu, na sijapata kusikia tena mabishano matamu kama yale ya msimu mmoja wa mvua za masika.

Kaka yangu Hamadi ndiye aliyekuwa bingwa wa chumba kile. Mkono wake wa kushoto ulikuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Vidole vyake havikuweza kukunjika wala kushika. Lakini alikuwa amejifunza kucheza kwa namna yake. Aliilaza padi ya kuchezea juu ya paja, akasukuma kijiti cha kushoto kwa kitako cha kiganja, na mkono wa kulia ukaruka juu ya vitufe kama anayepiga kinanda. Padi zile za zamani zilikuwa nyepesi na vijiti vyake vilikuwa vimelegea, vikakubali. Wageni walipomwona mara ya kwanza walimhurumia, kisha wakafungwa mabao, kisha wakanyamaza. Mimi, mdogo wake, nilikaa ubavuni pake nikiona fahari ambayo sikuwahi kumwambia.

Mshindani wake wa maneno alikuwa Mwende. Baba yake, mpishi wa hoteli, alikuwa amehama na familia kutoka upande wa Mackinnon Road. Masika ile hoteli nyingi zilifungwa kwa sababu watalii walikuwa wameadimika. Mojawapo ikatupa kompyuta za ofisini, na baba yake akaleta nyumbani zilizokufa. Mwende alizifungua zote, akachukua kipande hapa na kipande pale, mpaka akapata moja iliyowaka. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia kitu kuhusu mashine za gemu. Alisema hizo ni masanduku yaliyofungwa, zikizeeka zimezeeka, ilhali kompyuta unaifungua, unaiongezea nguvu, inaendelea kuishi.

Mjadala ulipata uzito pale Bi Saumu alipotuambia kwamba mdogo wake, aliyekuwa akifanya kazi Uarabuni, anarudi likizo na amemwahidi chombo kimoja kipya: ama mashine ya gemu ya toleo lililokuwa limetoka karibuni, ama kompyuta yenye nguvu ya kuchezea gemu. Achague mwenyewe. Bi Saumu hakuzijua vizuri tofauti zake, na chumba chake kilikuwa kimeanza kupoteza wateja kwa kibanda kipya cha upande wa pili wa barabara. Akaamua kutusikiliza. Jumamosi moja baada ya Alasiri alizima televisheni zote, akakaa kwenye kiti chake cha plastiki, akawaambia Hamadi na Mwende waseme.

Mwende alianza. Aliongea kwa Kiswahili cha bara kilichochanganyika na maneno ya mjini, lakini hoja zake zilipangika. Kompyuta itacheza gemu, na asubuhi itaandika barua za vijana wanaotafuta kazi hotelini. Picha zake zinakwenda mbio zaidi. Kikiharibika kitu kimoja, unabadilisha hicho kimoja. Hamadi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba hayo yote ni kweli, lakini kompyuta ni chombo cha mtu mmoja aliyewapa wenzake mgongo. Mashine unaichomeka kwenye televisheni, unaiwasha, na watu wanne wanakaa bega kwa bega. Haikuombi ujue kitu chochote kabla ya kufurahi. Alipomaliza chumba kizima kilipiga makofi, hata Mwende. Bi Saumu akachagua mashine.

Ilipofika tuliizunguka kama mtoto mchanga. Ilikuwa nyeusi, nyembamba, kimya kiasi kwamba ulilazimika kusogeza sikio kusikia kama inapumua. Picha zake zilitushangaza: nyasi za uwanja zilikuwa na umande, na mvua ilipowanyeshea wachezaji jezi zao zililowa kweli. Bi Saumu alimpa Hamadi heshima ya kucheza wa kwanza. Akailaza padi pajani kama kawaida. Padi mpya ilikuwa nzito na ya kuteleza, kijiti chake kigumu, na vitufe vya kukimbilia vilikuwa vimewekwa nyuma, vikabanwa na paja lake. Alipoinyanyua ili avifikie, ilimponyoka ikaanguka sakafuni. Akaiokota, akajaribu tena, ikaanguka tena. Hakuna aliyecheka, na nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alimkabidhi jirani yake padi, akasema mkono umechoka, akatoka.

Nilimfuata. Alikuwa amesimama chini ya mchirizi wa paa, maji yanamwagikia mabegani naye hasogei.

"Nimeichagua mwenyewe," aliniambia. "Nimesimama mbele ya watu nikaisifu."

Baada ya hapo hakwenda tena. Mama alipomuuliza, alisema ana masomo, ingawa shule zilikuwa zimefungwa.

Alasiri moja Mwende alikuja kwetu. Alimwamkia mama shikamoo, akanywa chai aliyokaribishwa, kisha akaniomba nimsindikize hadi uani. Huko aliniuliza jambo moja tu: Hamadi alikuwa akiishika vipi ile padi ya zamani? Nilichukua mfuniko wa sufuria, nikauweka pajani, nikamwonyesha kiganja kinavyosukuma na vidole vya kulia vinakofika na visikofika. Akanitaka nirudie mara nyingi, akitazama kwa macho makali kama fundi cherehani anayepima. Kisha akauliza kuhusu mguu wa kushoto. Nikamwambia mguu ni mzima.

Siku chache baadaye yeye na baba yake walisukuma wilibaro mpaka kwa Bi Saumu, kompyuta yao ikiwa imefunikwa nailoni. Mimi nilitumwa kumleta Hamadi, na nilimvuta mpaka akakubali. Mwende alikuwa ameunganisha padi ya zamani kwenye kompyuta kwa waya mdogo, akavipanga upya vitufe vyote ili kazi za nyuma zije mbele. Sakafuni aliweka kibodi kuukuu, imebaki na vitufe vichache, ili Hamadi akanyage kwa vidole vya mguu anapotaka mchezaji wake akimbie. Hamadi aliitazama kibodi ile, akavua ndara, akakaa.

Mchezo wa kwanza alifungwa vibaya. Wa pili pia. Wa tatu mguu wake ulishika mdundo, na mchezaji wake akatoka katikati ya uwanja na mpira, akawapita wote. Bi Saumu, ambaye hakuwahi kutazama mchezo hata mmoja mpaka mwisho, alisimama.

Hamadi hakuondoa macho kwenye kioo. "Lakini picha yake mbaya," alisema.

"Mbaya," Mwende alikubali. "Sikuileta nikushinde. Tangu uondoke hakuna mtu wa kubishana naye."

Kompyuta ilibaki pale, kando ya mashine mpya, na mabishano yao yakaendelea mpaka shule zilipofunguliwa, na miaka mingi baada ya hapo.

Leo Hamadi anafundisha Msambweni. Ana mashine ya kisasa, na ndani yake kuna ukurasa wa kupanga vitufe apendavyo. Zinauzwa hata padi zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wa mikono kama wake. Ninazistaajabia mashine hizi, na siku hizi, ukizifungua, hazitofautiani sana na kompyuta. Lakini mjadala wenyewe umehamia kwenye simu. Juzi nilimkuta mwanangu akiandika kwa hasira, akimwambia mtu fulani kwamba kompyuta yake ni takataka. Nikamuuliza mtu huyo ni nani, anakaa wapi, anachezaje.

Alinyanyua macho, akanitazama kwa mshangao wa kweli. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba hilo ni jambo la kuuliza. Kisha akainama, akafuta alichokuwa ameandika, akaanza upya polepole, na sentensi ya kwanza ilikuwa ni swali.