Fomu ya Vinu vya Nyuklia

Tangazo aliniletea binti yangu: serikali inatafuta wataalamu wa kuishauri juu ya usalama wa vinu vya nyuklia, na wazoefu wa mitambo ya mvuke nao waombe. Mimi nimehudumia maboila ya viwanda vya chai mpaka nikastaafu. Kinu cha nyuklia sijawahi kukiona, lakini mvuke ni mvuke, na nilikuwa nimechoka kukaa barazani hapa Tukuyu nikitazama mvua.

Nikaenda steshenari karibu na soko. Dada wa kompyuta akawa anasoma maswali, mimi najibu, yeye anachapa. Elimu, vyeti, wadhamini, yote yakaenda vizuri, nikaanza hata kujidai. Kisha akasoma la mwisho: "Eleza siku uliyozima mtambo kwa sababu ya hatari, ingawa mkubwa wako alikataa."

Siku yangu naijua. Valvu ya kutolea mvuke ilikuwa imekwama, majani mabichi ya chai yamejaa kiwandani yakingoja kukaushwa, na mimi nikasaini kwamba boila ni salama. Mchana likapasuka. Jamaa aliyekuwa akitia kuni anaishi Kawetele sasa, hapa jirani. Kila Ijumaa msikitini ananipa mkono uliokunjamana kwa kuungua, na bado ananiita injinia.

"Hilo liache wazi," nikamwambia dada.

"Mfumo haukubali, mzee. Tuandike chochote tu. Nani atajua?"

Nikainuka, nikaondoka. Siku ile ya boila meneja wa kiwanda aliniambia hivyo hivyo, akanipa na kalamu.