Wimbo Nilioutoa Mtoni Mutomo

Hutaniamini, najua. Mke wangu mwenyewe haniamini, na pasta aliniambia niombe na nipunguze kukaa juani. Lakini sikuota, na pombe niliacha zamani. Ilikuwa saa tisa mchana, macho yangu yakiwa wazi.

Bendi yetu ina zaidi ya miaka thelathini. Tulianza tukiwa saba; leo tumebaki wawili, mimi na Nzioka. Yeye hupiga gitaa la solo, mimi ridhimu na sauti ya pili. Zamani tulitunga pamoja katika chumba cha kupanga huko Kambu, mmoja akitoa mstari, mwingine akiukataa, karibu turushiane viti. Siku hizi ngoma zinapigwa na kompyuta. Kila mtu anaingiza sauti yake peke yake, amefunikwa masikio kama mgonjwa. Na nyimbo mpya zote zilikuwa zinatoka kwa Nzioka.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia. Mke wake Syombua alipofariki, nilidhani amekwisha. Wapi! Baada ya muda mzee akaanza kutoa nyimbo kama mtu aliyefungua bomba. Prodyuza wetu Mwikali, mwenye studio nyuma ya duka la mbegu pale Kambu, akizisikia alikuwa akisema, "Nzioka, hii umeitoa wapi?" Nikileta wangu, anasema, "Sawa, tuiweke kwanza." Wewe umewahi kuambiwa "tuiweke kwanza" mbele ya mtu mliyeanza naye? Basi usinihukumu haraka.

Na nikiri jambo lingine. Syombua alikuwa na sauti kunishinda. Tukiwa vijana alitaka kuingia bendi, nikakataa katakata. Nilisema mwanamke ataleta vurugu safarini. Uongo mtupu. Niliogopa atachukua nafasi yangu.

Sasa sikiliza. Nilienda kwa Nzioka, Mutomo, tufanye mazoezi wiki moja kabla ya kurekodi. Kila alasiri alichukua kofia akasema anaenda kutafuta maneno. Siku ya tatu nikamfuata kwa mbali. Mto ule ni mkavu, mchanga tu, watu huchimba visima mle mle. Nikamwona ameketi. Mbele yake mwanamke ameinamia kisima, leso kichwani, amempa mgongo, anachota maji kwa kibuyu. Mwanamke anaimba mstari, Nzioka anaurudia polepole kama mtoto wa nasari.

"Kumbe!" nikajiambia. "Anapewa nyimbo, halafu anaandika jina lake." Nilifurahi. Niamini, ilikuwa furaha mbaya.

Kesho yake Nzioka alienda kliniki ya presha. Nikachukua simu yangu, nikashuka mtoni. Alikuwa pale.

"Shemeji, leo umekuja wewe," akasema bila kugeuka.

"Nzioka ameenda kliniki. Nataka wimbo." Hata salamu sikutoa.

"Huu nilimwekea yeye."

"Nitampelekea."

Akachota, akaimba. Ulikuwa wa Kikamba. Mke anamwambia mumewe afungue sanduku, agawe nguo zake zote, asizilinde tena. Nilirekodi mpaka mwisho. Nilipozima simu, akageuka.

Alikuwa Syombua. Jeneza lake nililibeba kwa bega hili. Uso ni ule ule, pengo la jino la mbele ni lile lile. Hakukasirika. Aliniangalia tu, kama unavyomwangalia mgeni aliyeanza kula kabla ya kukaribishwa. Nilikimbia, nikaacha kandambili moja kwenye mchanga. Kule juu ukingoni nikageuka mara moja. Hapakuwa na mtu wala kisima.

Utauliza, je, nilimwambia Nzioka? Sikumwambia. Kwenye simu hapakuwa na kitu, upepo tu, lakini wimbo wote ulikuwa kichwani mwangu, neno kwa neno. Na wivu ulikuwa mkubwa kuliko hofu. Tulipofika studio nikasema, "Leo nina wangu." Nikaimba. Mwikali akainua macho. "Hii sasa!" akasema. Mungu anisamehe, nilisikia utamu mpaka vidoleni.

Kisha akaucheza tuusikie. Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwanamke.

Mwikali akatazama mlango. "Nani ameingia?" Tukarudia mara tatu. Mara tatu akaimba Syombua.

Nzioka alikuwa ameketi kwenye kreti ya soda. Alivua kofia, akasikiliza mpaka neno la mwisho.

"Ulienda," akasema.

"Nilienda."

Nilingoja anipige. Akauliza kwa sauti ndogo, "Alikugeukia?"

Nikasema ndiyo.

"Miaka miwili nimeketi naye," akasema. "Hajawahi kunigeukia. Hata mara moja."

Wiki hiyo alifungua sanduku, akagawa nguo. Bado huenda mtoni kuketi, lakini hakuna anayekuja. Mwikali aliutoa wimbo ule kwa jina la bendi, na unapigwa matangani mpaka huko mbali Tseikuru. Watu wananishika mkono, wananipongeza. Mimi studio sijaingia tena. Nikituma ujumbe wa sauti kwa simu, binti yangu aliye Mombasa anapiga kuuliza, "Baba, ni mama gani huyo anatumia simu yako?"

Na Nzioka hajanitukana. Tukikutana kanisani ananisalimu vizuri, kisha ananitazama machoni muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu chake ndani ya nyumba ya mwingine. Wivu huo naujua, jamani. Niliishi nao miaka mingi. Sasa anao yeye, na ni mimi niliyemwambukiza.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza: ukiona mwenzako anaondoka peke yake, na anarudi na kitu kizuri, keti hapo ulipo. Usimfuate. Ukimfuata utaona, na ulichokiona hutaweza kumrudishia.