Nusu Siku Mbili za Celina

Celina alikuwa jirani yangu Mtaa wa Sikukuu, Dar es Salaam, mlango kwa mlango, na mdomo alikuwa nao. Asubuhi alifua na kupiga pasi kwa Mama Benedikta, Upanga. Mchana alichambua iliki na pilipili manga dukani kwa mzee Awadhi, Kariakoo. Aliishi hivyo tangu miaka ya sabini, na aliyapenda maisha yake. "Bosi wa kutwa nzima simuwezi, ni kama mume," alinitania. Dada yake Evarista aliishi vivyo hivyo Mombasa, na huko hakuna aliyemuuliza kitu.

Mwaka themanini na tatu ukaja msako wa Nguvu Kazi. Asiye na kitambulisho cha kazi alipakiwa kwenye lori, apelekwe kijijini akalime. Mimi changu nilikipata kiwandani. Celina akaenda dukani.

"Shikamoo mzee. Naomba uniandikie kitambulisho."

"Marahaba. Lakini wewe si mtu wa Upanga? Hapa unakuja kibarua tu."

Upanga nako akaambiwa yeye ni mtu wa Kariakoo. Mpaka leo nikikumbuka roho inanichemka. Mwanamke anashinda kazini toka alfajiri hadi magharibi, halafu anahesabiwa mzururaji! Akawa anapita vichochoroni, kanga usoni. Siku lori lilipomzoa Zamzam, muuza maandazi wa barazani kwetu, Celina aliingia chumbani kwangu akafunga komeo.

Mama Benedikta akaona upenyo. "Nitakuandika, ila Awadhi umwache. Uwe wangu kutwa, na ulale hapahapa."

Celina akakubali. Angefanya nini? Kitambulisho kikaandikwa, kikafungiwa kabatini kwa Mama Benedikta. "Utakipoteza, mwanangu," aliambiwa. Na bila kitambulisho mkononi, kutoka getini ilikuwa kujipeleka kwenye lori.

Novemba mpaka wa Kenya, uliofungwa tangu sabini na saba, ukafunguliwa. Evarista akatuma salamu kwa msafiri: njoo, vibarua vya nusu siku huku bado vipo. Nilizipeleka Upanga mwenyewe. Nilimkuta Celina uani, beseni limejaa shuka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwambie nimepata kazi ya kutwa," akasema, wala hakucheka.

Kisha akanipa ncha moja ya shuka tukamue. Tukaisokota mpaka tone la mwisho. Mimi nikaachia. Yeye aliendelea kuisokota, macho getini.