Siku Lori la Kapteni Lilipokataa Kuzimika

Karakana yetu ina paa moja na mafundi wawili. Upande wa kushoto nipo mimi, mchomeleaji wa mageti na madirisha. Upande wa kulia yupo Mama Spea, fundi wa injini za dizeli. Katikati pana ukuta wa mabati usiofika juu, kwa hiyo yeye anaziona cheche zangu, na mimi nayasikia matusi anayozimwagia bolti zilizoshika kutu.

Jina hilo alilipata kabla hajawa fundi. Alikuwa anauza spea dukani, na kila siku mafundi walimjia na kipande kilichovunjika wakisema, "Nipe kama hiki." Akiwauliza kimetoka wapi kwenye injini, wanababaika. Basi akawa akifunga duka anapita gereji ya jirani kuchungulia kila kitu kinakaa wapi. Kuchungulia kukageuka kushika spana, kushika spana kukageuka kazi. Dukani hapohapo alikutana na mumewe, dereva wa lori aliyekuja kununua mkanda wa feni, kisha akawa anarudi kununua mkanda uleule hadi duka zima likaelewa.

Mume huyo tunamwita Kapteni. Anakaa kwenye usukani kifua mbele kama mwenye meli, na hadithi zake zote ni za milima aliyoshuka breki zikiwa zimekufa na madaraja aliyovuka maji yakiwa juu ya magurudumu. Katika hadithi hizo wengine huruka nje, yeye hubaki.

Mtu mmoja tu hakuipenda ndoa ile: mama yake Kapteni. Hakumficha mkamwana wake. "Nilitaka mke wa kunukia," alisema mbele za watu, "nimeletewa wa kunuka dizeli." Mama Spea alimwamkia kila walipoonana, na marahaba ilirudi, ila ilirudi kavu.

Asubuhi ya mkasa, Kapteni aliingia uani na lori lililojaa matofali. Mama yake alikuwa kando yake, begi mapajani. Alikuwa anampeleka kwa dada wa mama huyo, mji wa bondeni, na njia ya kule ni mteremko mtupu.

"Mama watoto, niangalizie chapuchapu," Kapteni aliita bila kushuka. "Usukani umekuwa mzito halafu unalia kama mbuzi. Niongezee oili kidogo twende zetu."

"Unalia tangu lini?"

"Tangu leo asubuhi tu."

Mama Spea alimwamkia mkwewe, akaitikiwa kwa kidevu. Akafungua boneti. Mimi nilikuwa nasubiri rangi ya geti ikauke, nikasogea kutazama.

Kwenye lori lile pampu ya usukani haikai peke yake. Imefungwa mgongoni mwa pampu ya vakyumu, ile inayovuta hewa ili breki ziwe laini mguuni. Pampu mbili zinazungushwa na injini kwa pamoja, kama mapacha walioungana. Zote mbili zilikuwa zimelowa, na vumbi limegandia juu yake mpaka bolti hazionekani. Chupa ya oili ya usukani ilikuwa tupu.

"Sasa hii oili inakwenda wapi?" Mama Spea alijisemea. Matone yalikuwepo, lakini si ya kumaliza chupa nzima. Akalegeza mpira mkubwa unaopeleka hewa kwenye injini, akaingiza kidole ndani. Kidole kilitoka kinang'aa oili. Alikitazama kile kidole, uso ukabadilika. Akaurudisha mpira bila kuukaza, akageuka kutafuta kitambaa ili avute kijiti cha kupimia oili ya injini.

Kapteni hakungoja. Aliwasha.

"Sikiliza mwenyewe unavyolia!" alipiga kelele, akakanyaga mafuta.

Injini ilinguruma, ikapanda. Nikangoja ishuke kama injini zote zinavyoshuka mguu ukitoka. Haikushuka. Ikapanda tena.

"Achia!" Mama Spea alipaza sauti.

"Nimeachia!"

"Zima basi!"

"Nimezima!"

Akatoa mkono dirishani. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye vidole vyake, na injini bado inapanda.

Nimefanya kazi kwenye kelele maisha yangu yote, lakini sauti ile sikuwahi kuisikia. Haikuwa ngurumo tena, ilikuwa ukelele. Moshi mweupe ulifumka nyuma ukajaza ua wote. Spana zilicheza mezani zikaanguka moja moja. Matofali yaligongana juu ya lori kama meno ya mtu mwenye homa. Nilijikuta nyuma ya tangi la maji, na hadi leo sijui nilifikaje pale.

Kilichonitisha zaidi ni Mama Spea. Mwanamke huyu niliwahi kumwona akizima moto wa petroli kwa gunia huku anaendelea kupatana bei na mteja. Sasa alisimama mbele ya injini mdomo wazi, mikono imelegea, kama mtu aliyeitwa jina lake na maiti.

Mlango wa dereva ukafunguka. Kapteni akaruka chini. Nikajua anazunguka kumtoa mama yake, kwa sababu mlango wa upande ule haufunguki kwa ndani. Kitasa chake kilikatika zamani. Hakuzunguka. Alipita getini, akavuka barabara, akapotelea ndani ya moshi, ufunguo mkononi.

Pale dirishani yule mama alikuwa anapiga kioo kwa viganja vyote viwili. Mdomo ulikuwa wazi, lakini sauti yake ilimezwa na injini. Macho yake na ya Mama Spea yakakutana.

Hapo fundi akazinduka. Alinyakua ubao mnene anaopangia nati zake, nati zikamwagika kila upande. Akaung'oa mpira wa hewa, akaubandika ubao kwenye mdomo ambao injini inavutia hewa, akaulalia kwa kifua na tumbo, uso kando ya feni inayozunguka. Injini ikauvuta ubao kama mtoto anavyovuta ziwa. Ikakohoa. Ikatikisika nikadhani itajing'oa kwenye vishikio vyake. Kisha ikafa.

Masikio yangu yalibaki yanalia peke yake.

Mama Spea alizunguka akamfungulia mkwewe. Yule mama alishuka, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Mwanangu!"

"Mama, umeumia?"

"Mwanangu yuko wapi? Ameanguka chini ya gari! Mtoeni!" Akapiga magoti kwenye oili na vumbi, mtu mzima yule na nguo yake ya safari, akachungulia chini ya magurudumu. "Mwanangu! Niitikie!"

Mama Spea alinitazama. Mimi nikatazama chini.

"Mama, hayupo huko. Ni mzima. Ametoka."

"Ametoka ameenda wapi, wakati mimi nimo ndani?"

Haikumwingia akilini, na kusema kweli hata sisi tuliokuwa tumeona kwa macho yetu ilikuwa bado haijatuingia.

Kapteni akatokea getini. Alitembea polepole, kifua kimeingia ndani. Mama yake, bado yuko magotini, aliutazama ufunguo mkononi mwake, akalitazama geti, akautazama mlango wa dereva ulioachwa wazi. Nilimwona akiunganisha mambo, moja baada ya jingine.

"Ulikimbia," alisema.

"Mama, miguu ilikwenda yenyewe."

Mama yake alinyoosha mkono ili ainuliwe, na mkono ule aliunyoosha kwa mkamwana wake.

Tulidhani ataomba apelekwe nyumbani. Badala yake alivuta kreti akakaa mbele ya boneti. "Nataka kukiona hicho kilichotaka kuniua," alisema.

Kwanza Mama Spea alivuta kijiti. Oili ilikuwa imepanda juu kupita alama zote, tena nyepesi, yenye wekundu wa oili ya usukani. Akamweleza mkwewe taratibu: oili ya usukani ilikuwa inapenya kati ya zile pampu mbili na kuingia tumboni mwa injini. Tumbo likajaa, injini ikaanza kuvuta ile oili kwa njia ya hewa na kuiunguza kama dizeli. Ndiyo maana ufunguo haukusaidia kitu. Ilikuwa imejipatia chakula chake yenyewe.

"Kwa asubuhi moja tu?" mama aliuliza.

Mama Spea akakichovya tena kile kijiti.

"Maana kule ndani kuna chupa tupu chini ya kiti. Nilikuwa nazikanyaga tangu tumetoka."

Nilikwenda kuzitoa. Zilikuwa chupa za oili ya usukani, rundo zima. Mama Spea alizitazama, kisha akamtazama mumewe kwa namna ambayo sikutamani kutazamwa hata siku moja.

"Na breki?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Breki nazo zilikuwa ngumu?"

"Kidogo," alisema Kapteni.

"Ulikuwa unamshusha mama yako mteremko ule, na matofali nyuma, breki ngumu kidogo."

Kapteni alikwenda kukaa juu ya tairi bovu. Hakuna aliyemfuata.

Kazi ilichukua siku iliyobaki. Mama Spea alifungua mipira ya usukani, akafungua na ule wa vakyumu, akachomoa pampu zote mbili pamoja na gia inayozizungusha. Akazitenganisha mezani. Kati ya pampu hizo alichokonoa sili, pete ya mpira unayoweza kuivaa kidoleni, iliyokauka na kupasuka mdomo. Akaifuta, akamwekea mkwewe kiganjani.

"Hiki?" Mama aliigeuza. Akaigeuza tena. "Mke wa mwanangu, unanitania. Hiki hiki?"

"Hicho hicho, mama."

Sili mpya alikuwa nayo kwenye rafu. Aliipaka oili, akaigonga taratibu mpaka ikakaa sawa, akakwangua gasketi kuukuu ya kuzibia maungio na kuweka mpya, akaunganisha mapacha wake na kuwarudisha mahali pao. Oili yote ya injini aliimwaga akajaza mpya, akaipangusa njia ya hewa mpaka kitambaa kikatoka kikavu, akakagua injini kama imeumia. Akainua magurudumu ya mbele kwa jeki, akajaza oili ya usukani, akazungusha usukani kulia na kushoto kutoa hewa. Mama yake Kapteni ndiye aliyekuwa anampa spana. Alikuwa anampa zisizo zenyewe, na Mama Spea alikuwa anazipokea na kusema asante.

Wakati wa kuwasha nilisimama mimi na ubao mbele ya mdomo wa hewa. Injini ikawaka. Mama Spea akakanyaga mafuta, akaachia. Ikashuka. Akazima. Ikazimika. Sote tukapumua, mama akajifuta jasho kwa mkono wenye grisi akabaki na mstari mweusi kwenye paji la uso. Hatukumwambia.

Safari ilifanyika kesho yake. Mama alikubali kupanda kwa sharti moja, kwamba mkamwana ndiye aendeshe. Kapteni alikaa juu ya matofali.

Sasa hivi Kapteni bado anaendesha lori lile, na kila Jumatatu analileta likaguliwe bila kuambiwa. Hadithi za milima hazipo tena. Mama yake naye huja karakana anapojisikia, hukaa kwenye kreti na kuongea na wateja. Juzi nilimsikia akimsimulia mteja mmoja mkasa wenyewe: ukelele wa injini, moshi, mkamwana wake alivyolala juu ya moto wa chuma. Mteja akauliza mwanawe alikuwa wapi wakati huo wote.

"Alikimbilia kuita watu," mama alisema.

Mama Spea alikuwa chini ya gari, miguu tu nje. Spana ilisimama kidogo, kisha ikaendelea kukaza.