Wifi Yangu na Kiwanja cha Shule

Mimi si mtu wa kumsifu wifi. Kaka alipomleta nyumbani nilimkagua kuanzia utosini hadi kwenye kucha, nikamnong'oneza mama kwamba mikono ya bibi harusi huyu ni migumu mno. Mama akasema bora yeye ana mikono, kuna wengine wana mdomo tu, akanitazama mimi. Tukaishia hapo. Sasa nasema kwa hiari yangu, sijashikiwa fimbo na mtu: kama kuna mwanamke aliyenifanya nitembee mtaani nimevimba kichwa kwa kazi ambayo sikuifanya mimi, ni huyo.

Kazi yake ni kukata nyasi. Alianza na fyekeo, kwenye nyua za watu, anainama asubuhi na kuinuka jua likiwa kichwani. Kisha familia moja aliyokuwa akiifyekea ikahama, ikamwachia mashine ya kukata nyasi iliyokuwa imelala stoo hadi kuku wakawa wanataga juu yake. Wote tulimwambia kile ni chuma chakavu. Yeye akaitandikia gunia uani kwetu, akaifungua kipande kimoja kimoja, akawa anakwenda gereji kuuliza, anarudi, anafunga, anafungua tena. Kaka ni dereva wa lori, barabara inamjua kuliko sisi. Aliporudi safari moja alimkuta mkewe ana oili mpaka kwenye nyusi, na mashine inanguruma mbele ya mlango wa jikoni. Tangu hapo mtaa mzima unamwita Injinia, wengine kwa kejeli, wengine kwa dhati, na yeye huwaitikia wote.

Mashine ikigoma, ana namna yake ya kuiuguza. Haivutivuti kamba kwa hasira kama wanaume ninaowajua. Anachuchumaa, anaiuliza kwa sauti kabisa: umekula? Una moto? Unapumua? Kula ni petroli, moto ni cheche ya plagi, kupumua ni chujio la hewa. Haruki swali hata ukimchapa. Asiyemjua angedhani mke wa kaka yangu amechanganyikiwa, na mimi siku za mwanzo nilidhani hivyo hivyo.

Ila alikuwa na kiu moja iliyomkosesha raha, nayo ni kiwanja cha mpira cha shule ya mtaani kwetu. Kiwanja hicho kilikuwa kikikatwa na bwana mmoja mwenye trekta, anayekuja akijisikia na kuacha mitaro ya magurudumu ambayo wachezaji walikuwa wakiteguka vifundo vya miguu humo. Wifi alikwenda kwa mwalimu mkuu mpaka karani akachoka kumkaribisha. Kila mara jibu lilikuwa kwamba kiwanja si ua wa nyumba. Mwisho mwalimu mkuu akasalimu amri: Jumamosi kuna mechi na shule jirani, njoo ukate asubuhi. Akiweza, kiwanja ni chake. Akishindwa, asitie tena mguu ofisini mwake na habari hiyo. Wifi alirudi nyumbani hajui acheke au alie.

"Wifi," aliniambia, "huko uani nikimaliza wanafunga geti. Nani anaona? Mimi nataka nikate mahali watu wanaona."

Jumamosi hiyo nami nilikuwapo, kwa sababu mimi ni fundi cherehani na bendera za kona nilizishona mimi. Mama naye alikuja. Tulimwambia jua kali, akajitia hasikii, akachukua mwavuli na kigoda, akavaa kama anayekwenda harusini. Kando ya goli alikaa mchora mistari na ndoo yake ya chokaa, anasubiri nyasi zikatwe ndipo aanze. Nyasi zilikuwa zimefika kwenye ugoko, isipokuwa mbele ya magoli, ambako hazioti kabisa.

Wifi akavuta kamba. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Akavuta tena, kimya. Akachuchumaa na kuanza maswali yake. Alifungua kifuniko cha tangi: petroli imejaa pomoni. Akafunga. Akatoa plagi, akaigusisha na chuma na kumwomba mchora mistari avute kamba. Cheche ikaruka, ya bluu, yenye afya. Akatoa chujio la hewa, alikuwa amelifua jana yake, safi kuliko mashuka yangu. Akarudisha kila kitu, akavuta. Ikawaka! Nilipiga kigelegele peke yangu kiwanja kizima. Mashine ikaenda mpaka karibu na kona, ikakata pumzi, ikafa. Nikameza kigelegele changu.

Basi hapo ndipo watu wakajaa ushauri. Fundi wa pikipiki wa pale njiapanda, ambaye hakuitwa, alishafika na spana mkononi. Alisema ni kabureta, hana shaka, aipeleke kwake ataifungua na kesho kutwa itakuwa tayari. Nilimwambia kesho kutwa ataleta na wachezaji? Akasema mimi nirudi kwenye cherehani yangu. Tungeendelea vizuri sana, maana nilikuwa ndio kwanza napata moto, lakini mwalimu mkuu alikuwa anakuja, anatazama saa. Hakusema neno baya. Alisimama, akazitazama nyasi, akatoa simu na kusogea pembeni, nasi wote tulijua anampigia nani.

Nilimtazama wifi. Najua alikuwa anayaona maneno yote ambayo mtaa ungesema Jumapili. Kama ningekuwa mimi, ile mashine ningeipiga teke na kwenda zangu. Yeye akapangusa mikono kwenye khanga, akarudi kwenye swali la kwanza. Imekula? Tangi limejaa, ndiyo, lakini chakula kinafika tumboni? Akauchomoa mpira unaoshusha petroli kwenye kabureta. Petroli ikadondoka tone, tone jingine, ikakoma.

Fundi wa pikipiki akasema uchafu huo, si alisema. Wifi akauchomoa mpira na upande wa tangi, akaupuliza: uko wazi. Akaurudisha kwenye tangi, akafungua kifuniko ili achungulie kama kuna takataka ndani, na papo hapo petroli ikamwagika kwa nguvu ikamlowesha mguu. Akashtuka, akaukunja mpira, akakirudisha kifuniko na kukikaza. Alipouachia, ikatoka kidogo, ikazidi kupungua, ikakoma. Akafungua kifuniko. Ikamwagika. Akafunga, ikakoma.

"Tangi ndilo halipumui," alisema taratibu, kama anajisemea.

Akakigeuza kifuniko juani. Juu yake huwa kuna kitundu kidogo cha kuingiza hewa, maana petroli haishuki kama hewa haiingii kushika nafasi yake. Kitundu hakikuwapo. Mahali pake palikuwa na kitu kigumu, cha bluu, kimesawazishwa vizuri kwa kidole. Wifi akakinusa, akanipa na mimi ninuse. Wala sikuhitaji kunusa mara mbili, hiyo ni sabuni ya kipande tunayofulia nyumbani, na nyumbani kwetu anayeziba vitu kwa sabuni ni mmoja tu. Marehemu baba alikuwa dereva kama kaka, na tangi la lori likivuja porini walikuwa wanalisugua sabuni mpaka wafike mjini. Mama alijifunza kwake. Ameshaziba ndoo, bomba la jikoni, na bati juu ya chumba changu.

Tukageuka wote kumtazama. Alikuwa amekaa chini ya mwavuli wake, hana wasiwasi.

"Si ilikuwa inatoa harufu?" alisema. "Mnailaza mlangoni kwangu, usiku kucha navuta petroli. Jana nikaona panapotokea, nikapaziba. Hakuna aliyenishukuru."

Mimi niliwaka. Nilifungua mdomo nimwambie mama yangu mzazi maneno ambayo ningeyajutia mpaka leo, lakini wifi aliniwahi, kwa kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. "Asante mama," alisema, anafuta machozi, "umeziba barabara kabisa. Ila hapo ndipo pua yake ilipo." Mama akanuna, akasema basi wangemwambia mapema kwamba mashine ina pua.

Nilichomoa sindano kwenye ukosi wa gauni langu, huwa siikosi, nikampa. Alichokonoa ile sabuni kwa uangalifu, akapuliza, akakiinua kifuniko juu na kuona mwanga upande wa pili. Akakifunga, akaurudisha mpira. Wakati huo trekta lilishafika getini, bwana yule amekaa juu yake anakenua. Wifi hakumtazama. Akavuta kamba.

Ikanguruma. Tukasubiri, hata fundi wa pikipiki, nami nikajizuia kupiga kigelegele mpaka ilipopita kona ile ilipofia mwanzo. Ilipita. Ikaenda hadi mwisho, ikageuka, ikarudi, na nyuma yake mstari wa kijani umenyooka. Nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mwenye trekta alisubiri mizunguko kadhaa, akazima injini, akashuka kununua soda.

Wifi hakupumzika hata kunywa maji. Jua lilimchoma, majani yakamganda kwenye jasho, na watu wakaanza kuingia mmoja mmoja, wakakaa pembeni wanamwangalia yeye kana kwamba ndiyo mechi waliyoijia. Mchora mistari alimfuata nyuma na chokaa yake. Timu zilipokuwa zinafunga kamba za viatu, alimaliza ukanda wa mwisho kando ya goli la mbali, akazima mashine, akaisukuma hadi duara la katikati.

Mwalimu mkuu aliingia kiwanjani. Alivua viatu na soksi, mtu mzima na suti yake, akatembea peku kutoka goli hadi goli, anapapasa kwa nyayo kama atapata mtaro mpya. Aliporudi katikati, alipokuwa wifi, nilishakimbilia hapo, nisingekubali kuhadithiwa.

"Injinia," alimwambia, "kiwanja ni chako."

Mwanamke aliyekuwa mkavu asubuhi nzima, fundi akimdharau na trekta likimsubiri getini, alikaa chini palepale, kwenye duara la katikati, akazishika nyasi fupi kwa viganja vyote viwili, akalia kwa sauti mbele ya shule mbili. Timu zilikuwa zimeshapanga mistari. Refa alikuja na filimbi mdomoni, akamtazama, akaitoa filimbi, akauweka mpira kwapani, akasubiri.